Mtutu mpya haukazwi kama bomba la maji

Huku kwetu Mbeya tumezoea spea: unaingia Mwanjelwa, unanunua, unafunga, safari inaendelea. Labda ndiyo maana vijiweni husikika kwamba mtutu wa bunduki ya bolti (chuma cha nyuma kinachoifungia risasi ndani) ukichakaa, unatafuta wa kiwanda kingine wenye meno yale yale, unaukaza, basi.

Meno kuingiliana ni nusu tu ya kazi, tena nusu rahisi. Kinachoamua usalama ni umbali kati ya uso wa bolti na sehemu ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, inayoizuia risasi isizame zaidi. Ukipungua, bolti haifungi. Hilo ni kero tu. Ukizidi, ganda la risasi linavutika kwa shinikizo, na linaweza kukatika karibu na kitako. Gesi ya moto hurudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji.

Fundi hupima kwa geji mbili, vipande vya chuma vinavyoingizwa kwenye chemba kama risasi: moja bolti lazima iifunge, nyingine lazima iikatae. Kwa risasi aina ya .308 Winchester, kwa kawaida geji hizo zinapishana urefu kwa milimita 0.1 hivi, unene wa karatasi ya daftari! Jicho haliwezi kuona hilo, hata liwe la fundi mzee.

Wapo wanaotaja bunduki za Savage, ambazo nyingi mtutu wake hushikwa kwa nati. Kweli, hizo ni rahisi kurekebisha. Lakini nati hiyo hukazwa geji ikiwa ndani ya chemba, na mwenye kuikaza awe fundi mwenye leseni.