Si kila usia wenye vina ni wa malenga
Wengi huamini kwamba usia wenye vina, uwe umechorwa ubavuni mwa mtumbwi mwaloni Kirumba, Mwanza, au umesambazwa kwenye simu pamoja na picha ya malenga, kautunga yeye. Si ajabu, vina hutia imani.

Ukitaka kujua kama ni wake kweli, anza na mizani, yaani idadi ya silabi. Mshororo wa tarbia, shairi lenye mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida una 16, 8 kwa 8. "Mtumbwi" ni 3, m-tu-mbwi. Wengi huimeza ile "m" wakapata 2. "Haraka haraka haina baraka" ni 6 kwa 6, nayo ni methali ya wote. Ila 16 zikipungua usikatae upesi: mshororo wa utenzi huwa na 8 tu. Zikitimia pia si uthibitisho, kwani yeyote aweza kuhesabu. Fungua diwani ya malenga huyo, yaani kitabu cha mashairi yake, usome ubeti mzima; pengine mshororo ule ulikuwa swali, na jibu liko ubeti unaofuata.