Ulijisahau, Sasa Unataka Kupendeza Tena? Futi Kamba Kwanza, Duka Baadaye

Wateja wa aina hii nawatambua kabla hawajafungua mdomo. Anaingia amekumbatia mfuko wenye kitenge kipya, simu mkononi ina picha ya mshono alioutoa Instagram, na salamu zikiisha tu anasema, "Fundi, nimejisahau sana, naomba unirudishe mjini." Wanaume nao wapo, wengi wametumwa na mabinti zao waliochoka kuliona shati lile lile la mistari kila sikukuu. Nashona Ilala, Dar es Salaam, nguo za kike na za kiume, na kazi kubwa ya siku yangu ni kurekebisha nguo zilizokwisha shonwa. Ndiyo maana jibu langu huwakera kidogo: weka kitenge pembeni, simama hapa nikupime.

Watu husema aliyejisahau ni mvivu. Kwa ninaowapima, mimi sioni uvivu. Naona mama aliyelea watoto watatu mfululizo, mtu aliyeuguza mzazi, muuguzi ambaye miaka yote amevaa sare kazini na kanga nyumbani, mwanamke aliyetoka eda baada ya miezi 4 na siku 10 za kutojipamba, na akifungua kabati anakuta nguo ni kama za mtu mwingine. Walichofanana ni kwamba mwili umebadilika wakati wao wanaangalia mambo mengine, na sasa wanakwenda kununua nguo za mwili wanaoukumbuka. Hapo ndipo hela inapopotea.

Sina ugomvi na dera. Kwa joto letu ni vazi la akili, na likiwa la kitambaa kizuri linapendeza mpaka shughulini. Tatizo ni kwamba dera halikuambii chochote. Suruali ikibana unajua umeongezeka, ikishuka unajua umepungua. Dera linakusitiri vile vile ukiwa na kilo 60 au 85, na ukilivaa miaka mitano unakuwa huna habari kiuno chako kiko wapi siku hizi.

Basi tunapima. Vua viatu, simama kawaida, na tafadhali usivute tumbo ndani. Futi kamba haimsengenyi mtu. Kiuno ukitaka kukipata, inama ubavuni: pale panapokunjika ndipo penyewe, na kwa wengi ni juu zaidi ya pale wanapofungia mkanda. Hipsi zinapimwa pale palipotuna kabisa, siyo pale unapodhani. Mabega yanapimwa mgongoni, kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega. Namba hizo ziandike kwenye simu pamoja na tarehe. Namba za kwenye lebo usizitegemee kabisa, kwa sababu nguo zinazotufikia zimetoka kila upande wa dunia: gauni namba 14 la Uingereza ni 10 la Marekani, ni 40 la Ujerumani na 42 la Ufaransa. Nimeona mtu anarudisha nguo nzuri kwenye henga kwa kuogopa 42, wakati ingemkaa kama amezaliwa nayo.

Kwa wanawake kuna jambo linatangulia hata gauni, nalo ni sidiria. Huyu anataka mshono wa kubana, na amekuja na sidiria ya kabla ya mtoto wa kwanza, mpira umekwisha, mkanda wa nyuma umepanda mpaka katikati ya mgongo. Mkanda ukipanda nyuma, kifua kinashuka mbele, na hapo hata nikishona kwa ustadi wa namna gani, mikunjo ya kifuani itaangukia mahali pasipo pake. Uzito hubebwa na mkanda unaozunguka mbavu. Zile kamba za mabegani ni wasaidizi tu, kwa hiyo zikikuchimba, jua mkanda umekulegea mno. Ukinunua mpya, ikukae vizuri ukiifunga kwenye kulabu za mwisho kabisa, zile za nje, ili mpira ukilegea baadaye uwe na pa kuhamia. Halafu njoo nayo siku ya kupimwa. Usije na moja ukapimwa, ukaja kuchukua nguo na nyingine.

Sasa kabati. Ukinisikiliza, hutanunua kitu mpaka umelitoa lote kitandani. Najua utakachotaka kufanya: kujaribu nguo moja baada ya nyingine mbele ya kioo na kukata tamaa. Usianze hivyo. Zigeuze nje ndani. Mimi nguo naisomea ndani.

Mzee mmoja, mstaafu, aliniletea suti aliyoshonewa kwa ajili ya sendofu ya bintiye. Suruali haifungi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Hii naona nimpe tu shemeji yako." Nikaigeuza. Kwenye mshono wa nyuma, pale unapopanda kutoka makalioni hadi kwenye mkanda, fundi aliyeishona aliacha kitambaa cha akiba, zaidi ya inchi moja kila upande. Nikafumua mkanda, nikaufungua mshono, na ile sehemu iliyokuwa imejificha ndani ikawa na rangi ile ile ya nje, maana yake suti haikuwahi kuchomwa na jua. Alama ya mshono wa zamani niliitoa kwa pasi na kitambaa kilicholowekwa maji yenye siki kidogo. Koti lenyewe halikuwa na ubaya wowote mabegani. Kasoro yake ni mikono tu, ilikuwa imefunika viganja nusu, ikimfanya aonekane amevaa koti la kaka yake. Nikaifupisha mpaka shati likachungulia kidogo. Alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya suti mpya Kariakoo.

Kwa hiyo ukigeuza nguo, tazama kwanza kama ina akiba. Nguo za fundi wa mtaani mara nyingi wanaacha, kwa sababu fundi anajua binadamu hunenepa. Nguo za kiwandani zina ukingo mwembamba, pengine sentimita moja tu, na nyuzi za ovaloki zimeshakula nusu. Hizo kupunguza inawezekana, kuongeza ni shida mpaka tuweke kipande ubavuni. Kupunguza kiuno, kufupisha pindo, kubadili zipu, kuondoa mabega ya sponji ya enzi zile, kukata mikono mirefu ikawa mifupi, hizo ni kazi ndogo na bei yake ni ndogo. Mabega yenyewe usiyaguse. Koti au gauni likikupwaya mabegani, kulirekebisha ni kulifumua nusu nzima, na gharama yake inakaribia ya kushona jipya. Kitambaa kilichokonda mapajani, kile ambacho ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili, nacho kimekwisha. Polista iliyounguzwa na pasi ikang'aa hairudi.

Nguo za kumbukumbu zipo na sigombani nazo. Gauni la arusi liache mahali pake. Ila zile jinzi unazozitunza kama deni, kwamba ukipungua utazivaa, zitoe chumbani. Zikiwa mbele ya macho kila asubuhi zinakusuta bure.

Baada ya hapo ndiyo uende mtumbani, ukijua unachokosa. Karume kwetu, Gikomba kwa wenzetu wa Nairobi, kanuni ni moja: wahi robota linapofunguliwa, maana nguo nzuri huondoka na wa mwanzo. Usianze na rangi, anza na makwapa. Jasho la mwenye nguo wa kwanza huacha ukakamavu na doa la manjano lisilotoka. Kisha kola kwa ndani, katikati ya mapaja kwa suruali, zipu uifungue na kuifunga mara mbili, halafu vuta mpira wa kiunoni usikie kama unatatarika; ukitatarika umekauka. Mabega yakikukaa na kitambaa kikiwa hai, ichukue hata kama ni ndefu na pana, kilichobaki niachie mimi. Nguo za pamba zisizochuja zifue kwa maji ya moto, na zote zipige pasi mpaka kwenye mishono kabla hazijagusa kabati.

Turudi kwenye kitenge ulichokuja nacho. Kata uzi mmoja ukingoni uuwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polista inayeyuka, inajikunja na kuacha kijidonge kigumu. Polista haina dhambi, inang'aa na haikunjamani, lakini Februari ya Dar ndani ya daladala utajuta kuzaliwa. Geuza pia upande wa nyuma: kitenge cha waksi halisi rangi zinakaribia kulingana pande zote mbili, cha kuchapwa upande mmoja nyuma kinapauka. Kikiwa cha pamba kiloweke usiku, ukianike, ukipige pasi, ndipo ukilete. Pamba husinyaa. Fundi akikata kabla hakijaloweshwa, gauni litakukaa vizuri mpaka ufuaji wa kwanza.

Na ile picha ya Instagram, tuizungumze. Yule dada wa kwenye picha amevaa kitambaa kinachotiririka, wewe umeniletea kitenge kinachosimama. Mshono ni ule ule, matokeo ni mbingu na ardhi. Kitenge kinapenda sketi ya marinda, koti fupi, kola, gauni la kukata kiunoni na kufunguka chini. Ukitaka nguo ianguke mwilini kama maji, tafuta vitambaa laini vyenye uzito. Maua makubwa nayo yana siasa zake: ua moja kubwa likiangukia katikati ya tumbo, watu watalisalimia ua kabla yako. Mwambie fundi apange michoro kabla ya kukata. Yadi 6 zinatosha kupanga kwa miili mingi, lakini kwa ukataji wa haraka haraka hata 8 zitaisha. Kuliko picha kumi, niletee nguo yako moja unayoipenda inavyokukaa, hata kama imechakaa. Ile ninaweza kuilaza mezani nikaisoma.

Wanaume mna njia rahisi zaidi na hamuitumii. Mtu asiyependa tai na asiyetaka kushindana na suti za vijana, suti ya Kaunda inamfaa sana. Jina limetokana na Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na wengi waliiona imezeeka naye. Kisha Rais Ruto wa Kenya akaivaa sana mpaka Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni, na kwa maoni yangu tangazo zuri kuliko hilo hakuna. Iwe ya mikono mifupi, kitambaa chepesi, mabega yafike mwisho wa mfupa yasivuke, na mifuko isijazwe simu mbili na funguo za nyumba nzima. Shati la kawaida, kola yake ikifungwa kidole kimoja kipite. Viatu mpelekee fundi viatu abadilishe soli na kupiga rangi kabla hujanunua vingine. Suruali ya kitajiri juu ya soli iliyolika upande haidanganyi mtu.

Ngozi si fani yangu, ila nasema moja kwa sababu nayaona yakiendelea kwenye benchi langu la kusubiria. Mtu akitaka kujifufua, mwenzake anamnong'oneza habari za mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na sababu ni mwili wako wenyewe: zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo. Hakuna nguo ninayoweza kushona ikafunika hilo. Ukiwa na madoa usoni nenda kwa daktari wa ngozi.

Mama aliyejifungua juzi namwomba asubiri kidogo na mishono ya kubana, mwili bado unahama. Kwa sasa nitakushonea blauzi ya vifungo vya mbele kwa ajili ya kunyonyesha na sketi yenye akiba kubwa ubavuni, tutaibana baadaye taratibu.

Na usishone nguo sita kwa mpigo kwa sababu mshahara umetoka. Shona moja. Ivae kazini, kanisani au msikitini, ifue, kaa nayo wiki kadhaa. Itakuonyesha kola inakera au pindo ni fupi, na ya pili tutairekebisha kwenye meza kabla ya mkasi. Kuhusu mafundi kupiga watu kalenda, najua sifa zetu. Sema tarehe inayotangulia shughuli yako kwa wiki nzima, na usilipe hela yote mwanzoni, hata kwangu. Siku ya kuchukua, ijaribu hapo hapo dukani: inua mikono yote juu, kaa kwenye kiti, inama kama unayeokota funguo, tembea mpaka mlangoni na kurudi. Ikipanda, ikivuta, ikikuachia mgongo wazi, ivue, nirudishie, na hela iliyobaki ikae mfukoni mwako mpaka nimalize.