Kunguru wa Hitchcock hawana haraka

"Filamu imelala hii." Ndivyo vijana wa Unguja wanavyolalamika wakioneshwa The Birds ya mwongozaji Alfred Hitchcock (1963), filamu ya ndege wanaoshambulia watu, na ukitazama saa huwezi kuwalaumu. Shakwe wa kwanza anamgonga Melanie, mhusika mkuu, kichwani karibu dakika ya 25, katika filamu ya dakika 119. Kabla ya hapo ni duka la ndege San Francisco, safari ya gari hadi mji wa pwani wa Bodega Bay, boti ya kukodi, na kasuku wawili wadogo tunduni ambao huinama kila gari linapokata kona.

Wengine huitetea kwa kusema kwamba filamu za zamani zote zilikwenda polepole hivyo. Utetezi huo haufai. Mhariri wake, George Tomasini, ndiye aliyekata lile tukio la bafuni katika Psycho, filamu nyingine ya Hitchcock, mwaka 1960, ambako shoti (vipande vya picha kati ya mkato na mkato) hupita upesi kuliko jicho linavyoweza kuzihesabu. Kasi aliijua. Hapa aliizuia kwa makusudi.

Tazama tukio la skuli. Melanie amekaa kwenye benchi nje, anavuta sigara. Nyuma yake pana vyuma vya kupandia watoto, na kunguru mmoja anatua. Kamera inarudi kwa Melanie. Tukirudi kwenye vyuma, wameongezeka. Mchezo huo unarudiwa mpaka mtazamaji anaizoea zamu: mwanamke, kunguru, mwanamke, kunguru. Halafu zamu inavunjwa. Kamera inabaki kwa Melanie peke yake, inabaki, inabaki, haitupi hata unyoya. Sasa kila mtu anawahesabu kichwani, na hesabu ya kichwani siku zote ni kubwa kuliko ya kwenye skrini. Mwishowe Melanie anamwona mmoja angani, anamfuata kwa macho hadi anapotua, na vyuma vimejaa tele.

Filamu nzima haina muziki wa kusindikiza. Kinachosikika hapo ni watoto wakiimba darasani, wimbo wa beti zinazojirudia, nao ndio saa ya tukio: ukiisha, watatoka. Sisi tunajua kilichoko nje, wao hawajui. Ondoa wimbo, uweke ngoma za kutisha, taharuki yote inakufa, maana ngoma humwambia mtazamaji aogope lini.

Mfano wa pili ni mama yake Mitch, yule mwanamume aliyemvuta Melanie hadi Bodega Bay, anapokwenda shamba kwa jirani. Barabara ilimwagiwa maji ili gari lisitimue vumbi wakati wa kwenda. Ndani anaona vikombe vimevunjika, vishikio tu vinaning'inia kwenye kulabu. Anapita ukumbini polepole. Maiti ya jirani inaoneshwa kwa shoti tatu za haraka, kila moja karibu zaidi, bila ukelele. Anatoka mdomo wazi, sauti haitoki, na gari sasa linatimua vumbi jingi. Vumbi hilo lina nguvu kwa sababu halikuwepo mwanzo.

Si kila polepole ya filamu hii ina faida. Mazungumzo ya Mitch na Melanie kilimani, wakati wa sherehe ya watoto, yamerefushwa bure. Hayaachi swali lolote la kumshika mtu. Kipimo changu kwa mnaokata filamu ni hicho hicho: shoti ndefu lazima ibebe jambo ambalo mtazamaji analijua na mhusika halijui. Bila hilo ni shoti ndefu tu. Na ukishaonesha hatari, usiirudie kila sekunde tatu. Utamnyima mtu nafasi ya kuikuza mwenyewe.

Kwa wanaoionesha uwanjani: anzeni saa mbili usiku, baada ya Isha, kwani mapema zaidi mwanga wa magharibi unaweza kuvifuta vivuli vya nyumbani kwa Mitch. Sauti ipimeni kwa tukio la skuli, si kwa shambulio. Watoto wasikike safu ya mwisho. Mkipima kwa mayowe ya ndege, wimbo utamezwa na upepo. Jenereta iwekwe nyuma ya ukuta, mbali. Fundi aelezwe mapema kwamba kimya ni cha filamu, asianze kuchezea waya. DJ wa kutafsiri, kama yupo, aseme yake dukani na kwenye gari, lakini benchini anyamaze kabisa. Mapumziko, ikibidi, yawe baada ya usiku ule shomoro wanapoingia kwa dohani. Toka shambani hadi skuli msiisimamishe filamu.