Kwa nini picha za zamani za nyeusi na nyeupe hugeuka kahawia?

Kwenye sebule nyingi za Mpwapwa, Kongwa na Dodoma mjini bado inaning'inia picha ya zamani: babu kakaa kwenye kiti, bibi kasimama kando, hakuna anayecheka. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, leo pembeni ina rangi ya chai. Watu husingizia jua na vumbi. Mara nyingi mkosaji ni dawa iliyobaki ndani ya karatasi.

Weusi wa picha hiyo ni madini ya fedha. Karatasi hupakwa jelatini yenye chembe za bromidi ya fedha. Mwanga ukizipiga huoni kitu. Ni atomu chache tu za fedha zimejitenga ndani ya kila chembe. Ikitumbukizwa kwenye dawa ya kusafishia, kwa mfano yenye haidrokwinoni, chembe zilizopigwa na mwanga hugeuka fedha tupu, na fedha iliyo laini kiasi hicho haing'ai kama bangili, huwa nyeusi tii. Hapo ndipo fundi huona nyusi, macho, kisha kola ya shati vikijitokeza kwenye trei. Anaona kwa taa nyekundu, kwa kuwa karatasi hiyo haishtuliwi na mwanga mwekundu. Asidi iliyomo kwenye siki husimamisha kazi ya dawa hiyo.

Chembe ambazo hazikupigwa na mwanga nazo zisipotolewa, picha itazidi kuwa nyeusi juani. Huyeyushwa kwa thiosalfeti ya sodiamu, dawa yenye salfa ndani yake. Mwanasayansi John Herschel wa Uingereza aliijua kazi yake tangu 1819, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa hadharani.

Tatizo ni kuitoa thiosalfeti yenyewe. Karatasi nzito za zamani zilitaka maji yanayotiririka hata saa nzima. Saa nzima, kwenye mji mkame kama Dodoma, unaotegemea visima vya Makutupora! Ukisuuza harakaharaka na kuanika, mteja ataondoka na picha safi kabisa. Miaka ikipita, salfa ya dawa iliyobaki huishika fedha na kutengeneza salfaidi ya fedha, ambayo ni kahawia.

Mwenye ndoo tu angeweza kuloweka na kubadilisha maji mara kadhaa, kwani dawa hujitoa yenyewe kuelekea maji masafi. Tena maji ya bahari huitoa upesi kuliko maji matamu, mradi umalizie kwa maji matamu.