Kasi ya Juu na Wepesi wa Kuchomoka Ni Mambo Mawili Tofauti

Wateja wanaoniletea magari ya kasi hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, hurudia kauli moja ambayo imenichosha kabisa: kwamba gari lenye kasi ya juu zaidi ndilo pia litakalotangulia magari yanapoondoka pamoja. Wengine hutazama tu spidomita iliyoandikwa 260, wakahukumu kwamba lile la 180 limeshindwa kabla injini haijawashwa. Si kweli, na kauli hii inawatia hasara, kwa sababu wananunua nguvu ambazo tairi zao haziwezi kuzifikisha kwenye lami.

Chukua magari mawili ya kampuni moja. Porsche 911 Turbo S ya mwaka 2020 ina nguvu za farasi 650, uzito wa takriban kilo 1,640, na kasi ya juu ya kilomita 330 kwa saa. Taycan Turbo S, gari la umeme lililotoka 2019, lina uzito wa karibu kilo 2,300, hufikisha nguvu za farasi 761 kwa muda mfupi tu wakati wa kuondoka, na kasi yake huishia 260. Kwa vipimo vya Porsche wenyewe, la kwanza hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.7, na la pili kwa sekunde 2.8. Yanaachana kwa kilomita 70 katika kasi ya juu, lakini mwanzoni yanakaribia kwenda sambamba!

Sababu ni mshiko. Tairi nzuri ya barabarani, kwenye lami kavu, hushika kwa nguvu inayokaribia uzito unaoikandamiza. Piga hesabu: hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne litahitaji takriban sekunde 2.8 kufika 100, na ukiliongezea nguvu, tairi zitateleza tu. Baada ya hapo ndipo injini na uzito vinapoanza kuamua, ndiyo maana 911 hufika 200 kwa sekunde 8.9 na Taycan kwa 9.8. Juu zaidi, adui ni upepo: nguvu ya kuushinda kutoka 260 hadi 330 ni karibu maradufu. Tena mota ya umeme ina kikomo cha mizunguko, na Taycan ina giya mbili tu, kwenye mota ya magurudumu ya nyuma, ilhali 911 ina nane.

Kwa hiyo, kabla hujaniomba turbo kubwa zaidi, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, piga magoti usome ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zikiwa 2316, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wake umekauka, hata kama haijalika. Nunua tairi kwanza.

Wanaotaka kuondolewa kikomo cha kasi cha kilomita 180 kwa saa kwenye magari yaliyoagizwa kutoka Japani wajue kwamba kikomo hicho hakipunguzi chochote chini ya 180. Kwenye barabara ya juu ya Nairobi Expressway mwisho ni 80.

Dhana nyingine ni kwamba magari yanayolingana Mombasa yatalingana hapa pia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, yenye turbo hufidia sehemu kubwa, na mota ya umeme haipotezi kitu.

Video ya spidomita nayo si ushahidi. Kanuni ya kimataifa inakataza spidomita kuonyesha pungufu, lakini inairuhusu kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, hivyo iliyoonyesha 250 huenda ilikuwa 224 tu. Tumia kifaa cha GPS, jaza tairi upepo kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni kwa dereva, na upime katika uwanja uliofungwa, ukienda na kurudi, ili mteremko na upepo visilipendelee gari lolote.