Sokwe wa maabara harudishwi msituni
Tukuyu na Mbeya mjini husikika hoja hii: sokwe waliostaafishwa kwenye maabara za Marekani waachiliwe tu msituni, hata Rungwe. Rungwe ni kwa kipunji, aina ya kima. Sokwe wetu wako Gombe na Mahale. Lakini zito ni hili: wengi wa hao wa maabara walizaliwa kizimbani. Mtoto wa sokwe hukaa na mama miaka mitano na zaidi akijifunza tunda lipi huliwa, na matawi hukunjwaje kuwa kitanda. Aliyekosa hayo huweza kufa kwa njaa. Wengine walidungwa virusi vya homa ya ini, hatari kwa wenzao wa porini. Ndiyo maana vituo kama Chimp Haven, Louisiana, huwatunza hadi kufa. Chakula hutawanywa na kufichwa ili wakitafute. Sokwe mgeni huonana kwanza na wenzake kupitia wavu. Wakichanganywa ghafla, huweza kuumana hadi kukatana vidole.