Uchakavu wa nyumba ya kupangisha: nani anaudai na nani asijisumbue

Binamu yangu anaishi Marekani, ana nyumba moja huko amepangisha na nyingine hapa Lamu, na kila akipiga simu lazima aulize, kwani nyinyi huko hamdai uchakavu? Yeye huko anadai. Na siku hizi watu wameona hizo video za YouTube, wanakuja barazani wanauliza nyumba yangu ya Langoni nayo naweza kuitoa uchakavu kwa KRA, wale wa ushuru wa Kenya, ama vipi. Jibu ni inategemea nani anakaa ndani, ngoja nieleze.

Kwanza neno kodi linatuchanganya, kodi ndo ile mpangaji anakulipa na kodi pia ndo ile ya serikali, kwa hivo hapa nikisema kodi ni ya mpangaji, ya serikali nitaiita ushuru.

Uchakavu kwenye hesabu ni kugawa gharama ya kitu kwa miaka unayokitumia kutafuta pesa. Ukijenga duka kwa milioni 4, pesa imekutoka mara moja lakini duka litakuletea kodi miaka na miaka, si haki useme mwaka wa kwanza umepata hasara ya milioni 4 na mwaka wa pili yote ni faida, kwa hivo unakata kipande kila mwaka kwenye mapato kabla ya kupigiwa ushuru. Hakuna mtu anakurudishia pesa mkononi, ni mapato yanayohesabiwa ndo yanapungua. Na ni jengo peke yake, ploti haimo, manake ardhi haichakai.

Na usidhani ni uchakavu wa kuonekana kwa macho. Hapa mjini kuna nyumba za mawe zina miaka mia na zaidi, kuta za matumbawe nene hivi, boriti za mikoko bado zimeshika, na bei inazidi kupanda tu, na kuna za bloki zimejengwa juzi chumvi ishaanza kula nondo. Sheria haiangalii hayo, imeweka asilimia zake na hizo ndo unafuata. Hata mhasibu wako akiandika uchakavu wake mwenyewe kwenye vitabu, KRA wanaurudisha kwenye faida, halafu ndo unakata ule wa sheria.

Haya, kwetu Kenya. Nyumba ya watu kuishi, kama kodi zako za mwaka zinazidi 288,000 na hazipiti milioni 15, unaingia kwenye ule ushuru wa kila mwezi, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10. Unapigwa kwa kodi yote iliyoingia, unafaili kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, basi. Hakuna kutoa gharama ya rangi, hakuna kutoa riba ya mkopo, hakuna agenti, na uchakavu ndo kabisa usiutaje. Mtu anapokea 30,000 kwa mwezi analipa 2,250, paa livuje lisivuje. Mimi naona si mbaya kwa asiyekuwa na mkopo, lakini aliyekopa benki akajenga na riba inamla anaumia. Huyo anaweza kuwaandikia KRA kwamba hataki njia hio, arudi kwa ritani ya mwaka, ile hesabu ya mapato na gharama, atoe riba, matengenezo na reti za ardhi, ila asijidanganye, uchakavu wa jengo la kuishi hata huko hapewi.

Uchakavu uko kwa majengo ya biashara. Duka, ofisi, godauni, hayo ni asilimia 10 ya gharama ya kujenga kila mwaka kwa mafungu sawa, kwa hivo lile duka la milioni 4 unakata 400,000 kila mwaka kwa miaka 10. Kama ni kampuni inalipa ushuru wa asilimia 30, hapo imeokoa 120,000 kwa mwaka. Hoteli ndo wamependelewa zaidi, nusu ya gharama mwaka wa kwanza wa kutumika, halafu ile nusu iliyobaki unakata robo yake kila mwaka mpaka iishe. Mwenye hoteli Shela aliyejenga kwa milioni 10 anakata milioni 5 mwaka wa kwanza, halafu 1,250,000 kwa miaka 4. Vitanda na makabati ni asilimia 10.

Sasa nyumba zetu nyingi ni chini maduka juu watu wanaishi, na hapa ndo watu wanakosea, wanajumlisha kodi zote wanalipa asilimia 7.5. La. Ya juu ina njia yake ya kila mwezi, ya chini inaingia kwenye ritani ya mwaka, na gharama ya kujenga unaigawa, ile ya chini tu ndo unakata asilimia 10.

Na ile ya urithi ya babu? Hukutoa hata shilingi kuijenga, sasa utakata gharama ya nani. Lakini ukiongeza duka jipya kwa pesa yako, hio sehemu unayo. Kupaka chokaa na kubadilisha boriti moja iliyooza ni matengenezo, kwa duka unatoa yote mwaka huo huo.

Huko kwa binamu ni tofauti kabisa, nyumba ya kuishi inapewa uchakavu, miaka 27 na nusu, na hii ya Lamu kwa sababu iko nje ya Marekani na aliipangisha baada ya 2017 wanamhesabia miaka 30. Nilimwonea wivu mpaka akaniambia siku akiuza wanamdai ushuru wa ule uchakavu, mpaka asilimia 25, na hata kama hakuudai wanahesabu kama aliudai.

Kwetu shida ni risiti. Tangu 2024 gharama za kutoa kwenye mapato zinatakiwa ziwe na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za mtandaoni, na fundi wangu wa chokaa akikupa hesabu anaiandika nyuma ya pakiti ya sigara.